Batuli Aezeka Tembe

Batuli alifika Haneti na mtoto mgongoni, chungu kichwani na kiburi moyoni, na katika mizigo hiyo mitatu, kiburi ndicho kilichomlemea zaidi.

Miaka hiyo Mdachi alikwisha kujenga boma lake Kondoa, na reli ilikuwa bado hadithi ya wapita njia. Nzige walikuwa wameila Irangi mpaka nyasi za paa. Mumewe, Mbwana, alikufa kwa homa, lakini kabla ya kukata roho alimwambia aende kusini, kwani huko watu wamevuna. Akaenda.

Aliyempokea ni Mama Matonya, mjane wa Kigogo mwenye sauti ya kuitia ng'ombe walioko kilima cha pili. Hakumuuliza ukoo wala dini. Alimpa nafasi ndani ya tembe lake, nyumba ndefu ya paa la udongo, upande wa ndama, akampa na ng'ombe wa kukamua ili Zaitun, yule mtoto, asilale njaa. Ofisi ya kupokea wageni Haneti wakati huo ilikuwa mama huyo na kibuyu chake cha maziwa, na wala haikufungwa mchana.

Kiangazi kilipokolea, Batuli akapewa kiwanja. Sasa ilimpasa ajenge kabla ya mvua, maana upande wa ndama ulikuwa unavuja, na Zaitun alikuwa na kifua kibovu. Mvua moja ya usiku kucha ingeweza kummaliza.

Sasa, tembe halijengwi na mtu mmoja. Mwenye nyumba hupika pombe ya uwele, hupita kaya kwa kaya kuita watu, nao huja na majembe yao, wakapandisha nguzo, wakatandika fito, wakamwaga udongo juu, kisha wakanywa. Batuli alilijua hilo. Lakini alikuwa Mwislamu wa kweli kweli, na hata harufu ya kimea ilimfanya ageuze uso. Akaona afadhali mikono yake iote malengelenge. Akakata miti peke yake, akachimba peke yake, na nguzo ikianguka akaisimamisha tena, huku akisema Alhamdulillahi kwa meno yaliyokazana.

Majirani wakaona. Zamani walikuwa wakisimama kuzungumza. Sasa walitoa salamu tu, "Mbukwa" ya haraka, na kupita. Batuli akadhani wamemchoka. Mgeni siku ya kwanza mpe mchele na panza, alijiambia, na siku zangu zimeshapita. Akazidi kunyamaza.

Mawingu yalipoanza kukusanyika upande wa mashariki, ukuta ulikuwa umefika kifuani tu. Mama Matonya akaja, mikono kiunoni.

"Batuli, tumekukosea nini?"

"Hamjanikosea, mama."

"Basi mbona unajenga kama mtu anayejenga kibanda cha kulala njiani? Watu wanasema unatuona wachafu. Hutaki mikono yetu iguse nyumba yako."

Batuli akaangusha jembe. Machozi aliyoyazuia tangu Irangi yakamtoka yote. "Mama, dini yangu hainiruhusu kupika pombe. Nikiwaita watu, nitawapa nini? Niliona haya."

Mama Matonya alimtazama, kisha akacheka mpaka akakaa chini kwenye udongo mbichi. "Ndilo hilo tu! Mwanangu, pombe nitapika mimi, na itanywewa kwangu. Tone halitavuka mlango wako. Lakini kuita siwezi kukuitia. Mwenye nyumba huita kwa mdomo wake."

Hapo ndipo palipokuwa pagumu. Heri kubeba magogo kuliko kusimama mlangoni pa mtu na kusema nisaidie. Hata hivyo alimfunga Zaitun mgongoni akapita kaya zote. Hakuna aliyekataa. Mmoja hata alimgombeza kwa kuchelewa.

Walikuja alfajiri kwa wingi uliomtisha. Batuli akawapikia uji wa uwele wenye ubuyu, wakaunywa huku wakipasha misuli kwa nyimbo. Jua lilipoinama, paa lilikuwa limefunikwa udongo. Mzee mmoja akazunguka nyumba, akatikisa kichwa.

"Ukuta umenyooka ajabu. Ndiyo faida ya kujenga kabla ya kunywa."

Wakacheka, wakaenda kwa Mama Matonya, na sitaki kusema walivyorudi makwao.

Mvua ilikuja usiku mmoja baada ya muda mfupi, ya radi na upepo. Batuli alikaa macho, mkono juu ya kifua cha mtoto, akisikiliza paa. Halikudondosha hata tone. Zaitun alikoroma. Batuli akawashukuru majirani kwa majina, mmoja mmoja, akimwomba Mungu asimsahau hata yule mzee wa mzaha.

Ndipo aliposikia nje mtu akikanyaga matope, na ile sauti ya kuitia ng'ombe:

"Hodi! Nimekuja kuona kama paa linashika!"

Batuli alisimama. Tangu atoke Irangi, milango yote aliyoijua ilikuwa ya watu wengine. Akaufungua wa kwake.

"Karibu, mama," akasema. "Karibu ndani."