Mikono Mirefu Wakati wa Joto

Mtaani walimwita Mama Sentimita kwa kuwa hakuwahi kukosea kipimo. Miaka ishirini alishona sare za shule katika chumba cha mbele cha nyumba yake, na kanuni yake ilikuwa moja: mteja hahojiwi.

Basi msichana wa kidato cha pili alipoleta blauzi iongezwe mikono hadi kwenye viganja, na joto lile la watu kutembea na taulo shingoni, fundi alichukua tepu yake tu. Alipomshika mkono, msichana akajikunja. Juu ya kiwiko palikuwa na alama nne za vidole.

Simu ya msichana ikalia. Akaipiga picha cherehani upesi, akaituma. Ikalia tena.

"Mpenzi wangu anataka kujua niko wapi na nani," alisema. "Ananipenda sana, shangazi. Nikichelewa kujibu anaumia."

"Anaumia yeye, mkono uliovimba ni wako. Hebu nimwone huyo dume."

Akaonyeshwa picha. Kola ya shati alilovaa kijana, fundi aliikata mwenyewe. Dume lilikuwa kitindamimba wake, miaka kumi na saba, mpole wa kusifiwa mtaa mzima, asiyejua hata kuosha sahani yake. Alipompiga dada yake kofi mwaka jana, Mama Sentimita alisema ni hasira za ujana, zitapita. Zimepita kweli, zimehamia kwa mtoto wa mwenzake.

Kwa kitambo alitamani kushona tu. Kitambaa kidogo kingetosha, mwanawe abaki mpole wa mtaa. Akajiona hana maana hata kidogo.

"Nipige picha mimi," alisema, akakaa wima. "Mtumie. Huyo ni mwanangu."

Msichana alituma. Simu ikanyamaza kabisa. Shujaa wa kukagua watu kila saa hakuthubutu kuandika hata herufi moja.

"Kumbe kunyamaza anaweza," alisema Mama Sentimita, akamrudishia blauzi yake kama ilivyokuja. "Twende kwenu, mwanangu. Nitasema mimi."

Msichana alisita, kisha akatangulia.

Mama yake alifungua mlango, akaanza kumkaribisha fundi. Mama Sentimita hakuingia.

"Mwenzangu, mtazame mwanao mkono. Aliyemfanya hivyo nimemzaa mimi."