Tabita na mashine inayokagua bitcoin Tunduma

Saa moja asubuhi, Tabita Nzowa anafungua kibanda chake cha kutengeneza simu, mita chache kutoka foleni ya malori yanayosubiri kuvuka kwenda Zambia. Kabla ya kufagia, anawasha kioo cha kompyuta ndogo iliyofungwa ukutani na kusoma namba.

"Imeunganishwa na kompyuta kumi," anasema. "Hao ni watu kumi, sijui wako nchi gani. Sijui sura ya hata mmoja."

Kompyuta hiyo inaendesha programu huria ya bitcoin, ambayo mtu yeyote anaweza kuichukua bure. Inatunza nakala ya miamala yote ya sarafu hiyo tangu ilipoanza, na kukagua kila muamala mpya. Wenyewe huiita nodi. Hailipi hata senti.

Tabita, 36, mzaliwa wa Ruanda wilayani Mbozi, aliianza mwaka juzi. Kupakua kumbukumbu hizo, zaidi ya gigabaiti mia sita, kulimchukua wiki tano. Zilipokaribia kukamilika umeme ukakatika, diski ikaharibika.

"Nililia. Halafu nikanunua diski nyingine na betri, nikaanza upya."

Intaneti inamgharimu Sh120,000 kwa mwezi. Kuna miezi kibanda kinaingiza mara mbili tu ya hapo.

Wateja wake wengi wanatoka Nakonde, ng'ambo ya mpaka. Wanamsalimia "mulishani", wanaacha simu, wanaondoka. Watu wa mtaa wake hawaingii.

"Wazambia hawajui habari zangu," anasema.

Habari zenyewe zilianzia kanisani. Vijana walimwomba awaeleze bitcoin ni nini, akawaeleza. Miezi sita baadaye akaja mgeni na sarafu yake ya kubuni, akiahidi kurudisha fedha mara mbili. Kila alipoulizwa, alijibu: "Si mlishafundishwa na Tabita?"

Waumini 41 walitoa fedha, akiwamo Efraimu, baba yake mdogo, aliyepeleka malipo ya kahawa ya msimu mzima. Mgeni akatoweka.

Tabita hakuchukua chochote. Lakini hilo si lote, na analisema polepole, macho yake yakiwa kwenye bisibisi.

"Wiki ya kwanza tu nilijua ni uongo. Niliomba nione programu ya sarafu yake, akakataa. Nikanyamaza. Niliogopa wataniona nina wivu."

Kwaya iliacha kumwita mazoezini. Baba mdogo hajapokea simu yake tangu wakati huo. Ndipo akaweka nodi.

"Nilitaka kitu ambacho mtu akinidanganya, nione mwenyewe."

Mwezi Machi, Ketrina, mfanyabiashara wa mchele, aliingia kibandani akihema. Mteja asiyemfahamu alikuwa amemtumia kwenye simu picha ya malipo ya bitcoin kwa magunia arobaini, na wapagazi walikuwa tayari wanapakia.

"Dada, hebu niangalizie hii, imeingia?"

Tabita aliandika namba ya muamala iliyo kwenye picha. Hakuna. Akarudia, herufi moja moja. Hakuna.

"Muamala huu haupo, dada. Zuia mzigo."

Ketrina alikimbia. Magunia yalishushwa, mteja akaondoka akitukana. Jioni mama huyo alirudi na kilo tano za mchele, akasimama mlangoni.

"Asante sana, mdogo wangu. Ila usimwambie mtu kuwa nilikuja kwako."

Siku iliyofuata walikutana sokoni. Ketrina akageuza uso, akatazama nyanya.

Mwandishi alipomtafuta, Ketrina alikubali jina lake litajwe. "Aliniokoa," alisema. "Nilimwonea haya, na sasa najionea haya mwenyewe."

Tabita ana mpango wa kubandika tangazo mlangoni, kwamba yeyote aliyelipwa kwa bitcoin aje malipo yake yakaguliwe bure kabla ya kutoa mzigo. Lakini kwanza ameomba dakika tano za kuzungumza baada ya ibada, Jumapili ijayo. Wazee wa kanisa wamemkubalia. Efraimu ametumiwa ujumbe, hajajibu.

"Nitawaambia nilijua na sikusema," anasema. "Wakitaka kutoka nje, watoke. Ila wasikie kutoka mdomoni mwangu, na baba mdogo akiwepo."