Nyumba Aliyoiruka Tabby

Kama umewahi kuishi upande wa Theta, huko ndani ambako lami haijafika, unajua kwamba habari za kijiji huwa na mwenyewe. Katika kijiji hiki mwenyewe ni Tabby Gathoni, au Mama Muriithi kwa wanaomheshimu. Ana miaka hamsini na miwili, analima sukuma wiki, anafuga ng'ombe wawili, na alichaguliwa kuwa mama wa Nyumba Kumi, msemaji wa majirani kwa chifu, kwa sababu moja tu: haogopi kuuliza. Stima ikipotea, atampigia mtu wa stima mpaka mtu wa stima azime simu. Maji yakikatwa, atapanda bodaboda hadi ofisini, asimame dirishani na leso yake kiunoni, na haondoki bila jibu. Jibu lenyewe analiandika kwenye grupu ya kijiji kwa herufi kubwa tupu, utadhani anagombana na mtu: MAJI NI JUMATANO SAA NNE. MSIMALIZE TANGI.

Watu walimwamini, naye alipenda kuaminiwa, tusidanganyane. Akipita njiani watu wakimuuliza "Mama Muriithi, leo kuna nini?" alikuwa akitembea vizuri zaidi siku hiyo.

Mmoja tu ndiye aliyekuwa ameacha kumwamini. Huyo alikuwa Rachael, jirani yake wa geti la tatu, mjane anayeishi peke yake. Zamani hawa wawili walikuwa chanda na pete. Waliimba kwaya moja, wakichumiana mboga bila kubisha hodi. Kisha mwezi wa nne Rachael akapata wageni wa ruracio, yaani wa mahari, wakwe wa binti yake wa mwisho, watu arobaini kutoka Murang'a. Tabby alikuwa ameandika kwamba maji yangekuja Ijumaa. Kwa neno hilo Rachael akaosha nyumba yote, akafua mapazia, akamaliza tangi. Ijumaa bomba likatoa upepo. Jumamosi wakwe wakanawishwa mikono kwa kikombe kimoja kimoja, na mama mmoja wa Murang'a akauliza kwa sauti kama hapa ni jangwani.

Sasa, haki ya Mungu, Tabby aliambiwa Ijumaa. Aliyekosea ni mtu wa dirishani. Lakini Rachael hakwenda kugombana na dirisha. Alisimama kwenye mkutano wa akina mama kanisani, akasema mbele ya wote, "Tabby anapenda kusikika kuliko anavyopenda ukweli." Jioni hiyo akajitoa kwenye grupu. Tabby aliona ule mstari mdogo kwenye simu, Rachael ametoka, akausoma mara tatu. Miezi minne sasa hawasalimiani. Wakikutana njiani kila mmoja anaangalia viatu vyake, watu wazima kabisa.

Mwezi wa nane ndipo kontrakta wa barabara alipofika. Wee, watu walifurahi! Matope ya huko yamewazika watu viatu tangu enzi za nyanya zao. Greda likapita, mitaro ikachimbwa, mambo yakaenda sawa mpaka kwenye kona iliyo chini ya kijiji. Pale wakagonga mwamba. Walihangaika nao siku tatu, mwamba ukakataa. Siku ya nne wakasema ni lazima baruti.

Tabby aliposikia neno hilo alikaa chini. Baruti anaijua. Baba yake mdogo alifanya kazi kwenye machimbo ya mawe, na siku moja alirudishwa nyumbani ndani ya blanketi, na watoto wakakatazwa kuangalia. Kwa hiyo Jumanne jioni Muthoka, naibu wa chifu, alipompigia simu, alimsikiliza akiwa ameshikilia ukuta.

"Mama Muriithi, ni kesho kutwa, Alhamisi, saa tano asubuhi," Muthoka akasema. "Nyumba zilizo karibu ni thelathini na moja. Nataka kila mtu awe kwa uwanja wa shule kabla ya hapo. Na usiandike kwa grupu peke yake, tafadhali. Nenda kila mlango, uwaambie kwa mdomo. Mtu mmoja akibaki nyuma, mimi na wewe tumekwisha."

Usiku huo usingizi ulimpaa. Jumatano akatoka mapema, akaanza mlango hadi mlango. Mzee Tobias, asiyesikia, alielezwa kwa mikono. Tabby akavimbisha mashavu, akarusha mikono juu, "Buuu!" Mzee akacheka mpaka akakohoa, lakini alielewa. Wavinya, mwenye mapacha wa wiki tatu, alisema hawezi kuwabeba wote na begi, na Tabby akamwahidi kuja mwenyewe kumbebea mmoja. Kila nyumba alirudia maneno mara mbili, kisha akamwambia mwenye nyumba naye amrudishie. Kwa wengine alirudi tena jioni, kwa woga tu. Nyumba thelathini.

Kisha akafika kwenye geti la Rachael.

Alisimama. Redio ilikuwa ikiimba ndani, na harufu ya vitunguu ilitoka jikoni. Moyo ulimwenda mbio kuliko ulivyomwenda kwa habari ya baruti, niamini. Alijua atakachoambiwa. Ataitwa mwongo kwenye geti, majirani wakisikia. Na je, ikiwa kontrakta ataahirisha, kama wanavyoahirisha kila kitu hawa watu? Rachael atakuwa ameondoka kwake bure kwa neno la Tabby, yawe yale yale ya maji. "Ana masikio," Tabby akajiambia. "Kijiji kizima kinaongea habari hii. Atasikia kwa wengine." Akaenda zake nyumbani kukama ng'ombe.

Alhamisi uwanja wa shule ulijaa. Watu walikuja na viti, na kuku ndani ya vikapu, mwingine na televisheni yake imefungwa kwenye shuka. Tabby alikuwa na pacha mmoja wa Wavinya mikononi. Muthoka akamjia na daftari.

"Mama Muriithi, nyumba zote thelathini na moja umezifikia?"

"Zote, mkuu."

Neno lilitoka lenyewe, hata hakulisukuma. Muthoka akaandika, akampungia mkono mtu wa kontrakta, na yule naye akaongea kwenye redio ya upepo. King'ora cha kwanza kikalia. Walikuwa wameelezwa: cha kwanza ni dakika kumi, cha pili ni dakika mbili, cha tatu mwamba unapasuka.

Hapo ndipo Tabby alipoanza kuangalia nyuso. Aliangalia safu ya kwanza, akaangalia waliokaa kwenye nyasi, akazunguka nyuma ya madarasa. Alimrudishia Wavinya mtoto wake. Akamwendea Idah, wa kwaya.

"Umemwona Rachael?"

"Rachael? Hapana. Si ulimwambia wewe?"

"Nilidhani utakuja naye."

"Mimi? Wewe ndiye wa matangazo, Mama Muriithi."

Tabby akageuka kuangalia upande wa kijiji. Juu ya bati la jikoni kwa Rachael kulikuwa na moshi, moshi mwembamba wa mtu anayepika. Ngai! Akatoa simu, akatafuta jina ambalo hakuwa amelibonyeza kwa miezi minne. Ikalia, ikalia, haikushikwa. Akapiga tena. Mara hii ikalia mara mbili ikakatwa.

Imekatwa! Rachael alikuwa ndani, alikuwa ameona ni nani anayepiga, na hakutaka kumsikia.

Muthoka alikuwa amesimama hatua nne tu kutoka hapo. Hatua nne, jamani. Ilitosha kusema, "Mkuu, kuna mtu amebaki." Lakini kusema hivyo ni kusema pia kwamba nilikudanganya, na kulisema mbele ya kijiji kizima, mbele ya Idah, mbele ya wale akina mama waliosikia maneno ya Rachael kanisani. Tabby akaiangalia simu. Acha nijaribu mara moja tu, akawaza. Akishika simu hii, atakimbia, na hakuna atakayejua. Akapiga mara ya tatu. Akapiga mara ya nne. Dakika zile zilimwishia hivyo, simu sikioni, macho kwenye ule moshi.

King'ora cha pili kikalia.

Sasa alikimbia. Aliangusha leso, akafika kwenye kamba ambako Zacharia, kijana wa bendera nyekundu, alikuwa akizuia njia.

"Mama, hakuna kupita!"

"Kuna mtu ndani! Kuna mtu kule!"

"Lakini si walisema nyumba zote zimeambiwa?"

"Moja sikuingia!" Tabby akapiga kelele, na uwanja mzima ukasikia. "Nilisema uongo! Kwa Rachael sikuingia! Waambie wasimamishe!"

Zacharia akanyakua redio ya upepo. "Simamisha! Simamisha, kuna mtu!" Redio ikakwaruza. Mtu akajibu kitu kisichoeleweka. Zacharia akarudia, na kabla hajamaliza, king'ora cha tatu kikaanza kulia na ardhi ikaruka chini ya miguu yao.

Vumbi jekundu lilipanda juu ya kona. Kwa muda mfupi hakukusikika chochote, kisha mawe yakaanza kugonga mabati ya kijiji, moja moja, halafu mengi. Tabby alipita chini ya kamba na Zacharia hakumshika. Alikimbia mwanamke huyu, na magoti yake yale mabovu, akiita jina la Rachael mpaka sauti ikakauka. Hakuomba hata sala kamili. Alikuwa akisema "tafadhali, tafadhali" tu, na hakujua anamwambia nani.

Bati la jikoni lilikuwa na tundu la kupitisha ndoo. Ndani kulikuwa na giza la vumbi na majivu. Rachael alikuwa ameketi sakafuni, mgongo ukutani, nywele zote nyeupe kwa majivu, mkono wa kushoto ukining'inia, umekunjika mahali ambapo mkono haupaswi kukunjika. Sufuria ya githeri ilikuwa imemwagika mpaka mlangoni. Alikuwa hai. Tabby akaanguka magoti mbele yake.

"Rachael, nisamehe. Nisamehe, mami. Nilidhani umeambiwa. Nilidhani utasikia kwa wengine."

Nje watu walikuwa wakikaribia, na sauti ya Muthoka ilisikika ikiuliza ni nyumba gani.

"Niliwaona watu wakipita leo asubuhi," Rachael akasema taratibu. "Nikadhani mna baraza. Baadaye nikaona kuku kwenye vikapu, nikashangaa, nikaingiwa na hofu. Nikataka kutoka nikaulize." Akameza mate. "Kisha nikakumbuka jana nilikuona umesimama pale kwenye geti langu, ukaenda zako. Nikasema, ingekuwa ni kitu cha kuua mtu, Tabby angeingia. Hata kama hatuongei, angeingia. Kwa hivyo hata king'ora kilipolia nikakaa, nikaendelea kupika."