Mgeni Aliyekuja kwa Ajili ya Mshubiri

Haya yalinifika mimi mwenyewe, hapa Muyeye, Malindi, mchana wa jua kali, nikiwa macho na kalamu mkononi. Wanaosema kwamba mjane aliyekaa ndani siku nyingi huona visivyokuwapo, waseme. Mimi nina daftari, na nina mshubiri.

Nianze na mshubiri. Marehemu mume wangu aliutoa kwa mamake, Mambrui, kichipukizi cha urefu wa kidole, kabla hajanioa. Mavyaa huyo alifariki mwaka huohuo, kwa hivyo mimi sikuwahi kumwona. Mume wangu aliupanda kwenye chungu kilichotobolewa kitako, akauweka ukumbini karibu na dirisha, penye mwanga lakini jua lisiuchome. Ukanenepa, ukajaa. Alipokuwa akiugua hakuniusia nyumba wala vyombo. Aliniambia, "Mti wa mama usinifie." Nikamwahidi.

Akafa, nikaingia eda. Miezi minne na siku kumi sitoki, na wanawake wanakuja kunipa pole kila baada ya sala ya alasiri. Kila aliyekuja nilimwandika daftarini, jina lake na mtaa wake, ili nikitoka nijue nani nimrudishie wema. Na kila aliyekuja aliletewa maji ya kunywa. Sasa, adabu zetu wazijua: maji yaliyobaki kwenye gilasi hayamwagwi ovyo. Chungu kilikuwa palepale, mkono unafika. Mmoja akamimina yake, wa pili akamwona, wa tatu akafuata. "Na huu nao una kiu, tupate thawabu," wakisema. Niliwaona kwa macho yangu, nikaona haya kumkataza mtu aliyekuja kunifariji. Hilo ndilo kosa langu, nami nalikiri.

Mwezi wa pili majani ya chini yakawa laini kama yaliyochemshwa. Yakageuka manjano, kisha hudhurungi. Ukiinamia chungu, unasikia harufu ya kuoza. Wifi yangu Rukia, dada wa marehemu aliyekuwa akikaa nami, akasema mti umepungukiwa na maji, akaongeza kopo zima. Niamini, siku ile nililia kuliko siku ya maziko.

Kesho yake alasiri walikuja wanawake sita. Nikaandika sita. Rukia akaleta sinia yenye gilasi saba za maji, akazigawa. Nikainua kichwa nimuulize ya saba ni ya nani, ndipo nikamwona: mwanamke mzee, ameketi jamvini kando ya chungu, amevaa buibui la kizamani, na kwenye kifundo cha mkono wa kushoto ana kovu la moto. Sikusikia hodi. Wewe umewahi kuona mtu akaingia nyumba ya eda bila hodi?

"Shikamoo," nikamwamkia.

"Marahaba, mkaza mwanangu."

Neno lile sikulishika papo hapo. Nikamkaribisha maji, akacheka.

"Nyumba hii maji yamezidi. Mnaua mti kwa ukarimu." Akaubonyeza mshubiri kwa kidole. "Ung'oe leo. Kung'uta udongo wote. Mizizi myeusi ikate kwa kisu kikali, usiionee huruma. Ulaze kivulini siku saba, kidonda kikauke. Kisha upande kwenye mchanga na kokoto za matumbawe, udongo kidogo tu. Na maji usitie."

"Mpaka lini, bibi?"

"Mpaka ukitia kidole, pingili mbili, kitoke kikavu. Hapo unyweshe hadi maji yatoke chini, kisha uuache. Kalamu unayo mkononi, wanitazamia nini? Andika!"

Nikaandika. Hati ni yangu, waweza kuja kuisoma. Nilipoinua macho, jamvi lilikuwa tupu. Mlango ni mmoja, na wanawake wawili walikuwa wameketi kizingitini.

"Bibi yule kapitia wapi?" nikawauliza.

"Bibi yupi?"

Rukia akashika kiuno. "Wifi, eda imekupanda kichwani. Muda wote huu unazungumza na chungu!"

Wakacheka, maskini, kwa kunihurumia. Nikamwonyesha gilasi kando ya jamvi. "Na hii ulimletea nani?" Akazihesabu gilasi. Alileta saba, wala hakujua kwa nini. Gilasi ilikuwa kavu kabisa, na ndani mna mchanga mweupe kiasi cha kijiko.

Nilipotaja kovu, kicheko kilimkatika. Mamake aliungua mafuta ya nazi mkono wa kushoto, Rukia akiwa mtoto, akimtazama. Na mimi hapo ndipo nilipokumbuka nilivyoitwa. Nani mwingine ulimwenguni wa kuniita mkaza mwanawe, mke wa mwanawe?

Nikafanya yote, hatua kwa hatua, kama yalivyoandikwa. Siku saba mshubiri ulilala juu ya gazeti umenyauka, Rukia akisema niutupe. Baada ya kuupanda, gilasi nilizipokea mwenyewe mikononi mwa wageni, zikiwa na maji yaliyobaki. Walinong'ona kwamba nautesa mti wa marehemu. Wanong'one! Wiki ya mwisho ya eda, katikati pakachomoza jani jipya, gumu, kijani kibichi.

Leo unalifunika dirisha nusu nzima, na nasema kwa majivuno: Malindi hii sijaona mshubiri wa ndani unaoufikia. Ahadi nimeitimiza. Vichipukizi vyake nimewapa watu kumi na mmoja, kimoja kimevuka hadi Mnarani, na kila mpokeaji namsomea maagizo kutoka daftarini. Jirani yangu aliyadharau, akanywesha wake kila asubuhi. Juma la tatu alinirudishia chungu mbio, hana hata viatu. "Chukua mti wako! Kila nikishika kopo, kuna mtu ananikaripia."

Basi, wewe mwenye mshubiri ndani, usiutie maji kwa huruma. Na mkono ukikuwasha kumimina, kwanza geuka utazame ni nani aliyeketi kando ya chungu.