Tulivyoutafuta Mwezi wa Kriketi

Kriketi niliipendea Korogwe, nikiwa kibarua wa mkonge. Wenzangu walinicheka sana. Mchezo gani, walisema, watu wamesimama juani kutwa nzima wanasubiri chai. Baba yangu huko Mkata alipoambiwa mwanawe anashinda kwenye kriketi, aliuliza kama inaliwa. Mimi shule niliishia kuandika jina langu, lakini kriketi naielewa mpaka leo, na mpira wa miguu sijui hata nani kaotea.

Mwaka huo mashamba yalikuwa yameshachukuliwa na serikali. Timu yetu ya shambani na ile ya wenye maduka wa mjini zilikuwa zimekutana mara mbili, kila moja ikashinda mara moja. Ya tatu ndiyo ya kuamua, na wenyewe waliiita testi, kama vile inacheza nchi na nchi. Tegemeo letu alikuwa fundi mitambo wetu, Kalasinga mmoja, yeye ndiye mrushaji. Akitoka mbali anakimbia na kile kilemba chake, yule anayengoja na ubao anaanza kuwakumbuka watoto wake. Tatizo, ilipofika ishirini na tisa ya Ramadhani, keshokutwa yake alikuwa anapanda treni kwenda Dar, na kutoka Dar ni Ulaya moja kwa moja, harudi.

Mechi ilipangwa siku ya Idi. Wenye maduka wengi walikuwa Waislamu, wamefunga kama sisi, hawawezi kucheza na njaa. Kwa hiyo mwezi ukiandama jioni ile, kesho Idi na kriketi. Usipoandama, tunafunga siku moja zaidi, fundi anakwenda zake, testi imekufa.

Mchana tulitandika busati la kamba, lile ambalo mpira unadundia, tukaligongelea vigingi barabara, na mwezi wenyewe bado hatujauona. Mke wangu akapita na ndoo kichwani.

"Jiko langu linavuja tangu masika," akasema. "Vigingi vya watu umevipatia nguvu, tena na saumu."

Jioni tukapanda kwenye tela la trekta, mwalimu wa madrasa, mimi na vibarua wenzangu. Kalasinga naye akapanda.

"Fundi, na wewe umefunga?" mwalimu akamuuliza.

"Sijafunga, mwalimu, ila mwezi wa leo ni wangu kuliko wenu."

Upande wa Handeni, jua linakozama, palikuwa na wingu. Sasa mimi nilikuwa na sifa ya macho. Mpira ukipotea majanini huitwa mimi. Nikaona kitu cheupe, chembamba, mara kikapotea.

"Umeuona?" mwalimu akauliza.

Watu wote wananitazama, na Kalasinga kanikazia macho kuliko wote. Nikasema, "Nimeona weupe, mwalimu. Kuapa siwezi."

Kalasinga akashuka kwenye tela, akaelekea nyumba za mafundi.

Tukaenda kufuturu. Uji ule sikusikia hata utamu wake, na sukari siku hizo ilikuwa ya kutafuta. Nikiwa katikati ya bakuli nikamsikia mke wangu huko nje jikoni:

"Wewe mwenye macho, hebu toka."

Nikatoka. Wingu lilikuwa limepasuka, na mwezi uko chini kabisa, karibu unatua. Nilikimbia na bakuli mkononi mpaka kwa mwalimu. Akatoka, akautazama mwenyewe, akaanza takbira, na kambi nzima ikaitikia. Huko nyumba za mafundi nikasikia mtu anagonga debe. Sikuuliza ni nani.

Asubuhi tuliposwali Idi nilikwenda uwanjani na kanzu yangu vilevile. Kalasinga kavaa meupe, anaupangusa mpira kwenye suruali, anarudi nyuma, anarudi nyuma tu, mpaka kafika kule mwisho. Mke wangu akaja na kanga mpya, akasimama karibu yangu.

"Hiyo chai yao ni saa ngapi?" akauliza.

Nikamwambia anyamaze kwanza, fundi anaanza kukimbia.