Siku za Nyama Kukauka

Jikoni mwa shule yetu wakiletewa kuni mbichi, moshi hupanda hadi bwenini na wasichana huanza kulalamika, ati sweta zitanuka, ati macho. Mimi huitikia tu kwamba ni kweli, kwa sababu siwezi kubishana na watu wengi, kisha nageukia ukuta na kuvuta pumzi ndefu. Sijawahi kumwambia mtu kwa nini. Wewe nakuambia kwa sababu huwezi kuniangalia usoni nikiandika.

Nilikuwa na miaka tisa. Baba yangu alikuwa na kibanda cha nyama choma pale Kitale, na bado anacho. Watu wa kwao walihamia huku kutoka upande wa kati kabla hajazaliwa, na anachoma vile walivyochoma wao: mbuzi, chumvi, makaa yaliyoiva vizuri, basi. Moshi kwake ni aibu. Mafuta yakidondoka na moshi ukapanda, alikuwa anasogeza nyama haraka na kutazama kando kama mtu aliyejikwaa mbele ya watu. Mimi nilikuwa nampepea makaa kwa kipande cha katoni. Sifa niliyopewa kwa sauti kubwa utotoni ni hiyo moja tu, kwamba Ciku anajua moto.

Mama ni wa Bungoma. Kwao nyama haichomwi na kuliwa palepale. Hukatwa vipande vinene, hupakwa chumvi, hutundikwa kwa waya juu ya mafiga na kuachwa kwa moshi mpaka iwe nyeusi na ngumu kama kiatu cha zamani, ndipo ichemshwe polepole na karanga za kusagwa. Mara ya kwanza Mama alipoleta sufuria ya nyama hiyo kibandani, wateja wawili waliionja kwa adabu tu. Baada ya mwezi mmoja walikuwa wanampita Baba na mbuzi wake akiwa motoni, wanauliza, "Ile ya Mama Ciku iko?"

Jumamosi moja Baba aliichukua ile sufuria akaimwaga nyuma ya kibanda, mbwa wakaja.

"Hapa ni nyama choma," akasema. "Mambo ya kufukiza nyuki peleka Bungoma."

Watu walicheka. Na mimi nilicheka, kwa sababu kila mtu alikuwa anacheka, halafu nikamwona Mama akifunga leso yake upya kiunoni, polepole sana, nikanyamaza. Kesho yake tulikuwa kwa Kukhu. Kukhu ndivyo tunavyomwita nyanya, yaani mama yake Mama.

Kukhu hakumuuliza Mama swali hata moja mbele yangu. Alitafuta paja la ng'ombe, akalikata, akalitundika jikoni. Jikoni kwake ni chumba cha udongo peke yake uani, chenye giza hata saa sita mchana, na mabati yake yameng'aa kwa masizi. Jioni hiyo simu ya Mama ililia, akaiangalia mpaka ikachoka.

"Akipiga tena," Kukhu akamwambia, "mwambie mtoto wangu haondoki kwangu mikono mitupu. Kuna nyama ya safari juu ya moto. Siku nane. Ikikauka tutaongea."

Mimi katika maneno yote hayo nilisikia kitu kimoja: nyama ikikauka, tunarudi nyumbani.

Sikutulia tena. Nilikuwa naingia jikoni, natoka, nazunguka mti wa mpera, narudi. Nilipanda juu ya kinu kilichopinduliwa nikaibonyeza nyama kwa kidole. Ilikuwa laini kama shavu. Nikatoka, nikahesabu kuku, nikarudi, nikaibonyeza tena. Binamu yangu Nekesa, aliyenizidi miaka mitatu na mdomo, alinikuta huko.

"Unaipima homa?" akaniuliza. "Nyinyi watu wa Kitale hamjui kungoja, bana. Mnakula kitu bado inalia."

Siku ya pili Kukhu alienda kwa mkutano wa akina mama wa kanisa, Mama na Nekesa wakaenda kung'oa maharagwe. Mimi niliachiwa moto. Kukhu aliniambia maneno machache sana: nisiongeze kuni, nisipulize, moshi tu.

Nilikaa kwa kigoda nikiutazama ule moshi ukipanda kivivu. Gogo la mpera lenye unyevu lilikuwa linafuka kama mzee anayevuta kiko bila haraka. Siku nane. Kwa Baba mbuzi mzima huisha kwa saa moja. Nikafikiria kwamba pengine hapa hawajui tu, kwamba hawajawahi kupata mtu anayejua moto.

Basi nililitoa gogo. Nikaleta magunzi makavu ya mahindi, mkono mzima, nikayawasha, yakashika, nikachukua ungo nikaanza kupepea. Nikaishusha waya kidogo. Baada ya muda mafuta yakaanza kudondoka na kulia chwee, na nitakwambia ukweli, niliposikia ule mlio nilifurahi mpaka machozi yakanitoka, na si kwa moshi, maana moshi haukuwepo. Ilikuwa sauti ya nyumbani. Nyama ikajikunja, ikawa kahawia, kisha nyeusi. Niliibonyeza: ngumu. Nikairudisha waya juu, nikarudisha gogo, nikafagia majivu.

Kilichobaki kilikuwa kusema neno moja. "Imekauka." Nilijizoeza nikiwa chini ya mpera. Lakini walipofika, Kukhu akiimba na Nekesa akilalamikia mgongo, nikajifanya nafagia uani. Nikaamua kungoja waione wenyewe. Wakati wa chakula nilikuwa natazama macho ya Kukhu kila alipoinua kichwa. Jiko lilikuwa giza, nyama nyeusi ni nyama nyeusi. Siku ya tatu hakuna aliyesema kitu. Siku ya nne pia. Usiku nilikuwa najigeuza kitandani mpaka Nekesa akatishia kunifunga na kamba.

Siku ya tano tuliisikia harufu.

Kukhu aliteremsha kipande kimoja, akakileta nje kwenye mwanga, akakipasua kwa kisu. Nje kilikuwa gome tupu. Ndani kilikuwa kibichi, chenye maji, kimeanza kugeuka rangi ya kijivu. Alikinusa, akakiweka chini mbali na sisi.

"Hii imefungiwa maji ndani," akasema. "Moshi ungeingilia wapi?"

"Nani amechoma hii?" Nekesa akauliza, akiniangalia mimi. "Si hii ni ya Kitale kabisa."

Nililia kwa sauti, mimi ambaye hata nikiumia huwa nalia kimya. Nikasema nilitaka tu ikauke haraka ndio twende nyumbani. Kukhu alinivuta akanifuta pua kwa pindo la leso yake.

"Sasa tutaanza upya," akasema. "Siku nane."

Nikageuka kumtafuta Mama. Alikuwa amesimama mlangoni ametupa mgongo, mabega yanatetemeka. Nilidhani nimemliza. Nikaenda kumshika, nikakuta ameweka leso mdomoni, anacheka. Hakuwa amecheka tangu tufike. Nilimkasirikia siku nzima.

Paja la pili lilikatwa, likatundikwa, na mimi nikapigwa marufuku jikoni. Lilipofikisha siku ya nne, Baba alikuja na pikipiki, koti lake limejaa vumbi la njia nzima.

Sasa, kwa kina Mama, mkwe na mama mkwe hawakai pamoja wakaongea ana kwa ana. Ni heshima. Baba akawa sebuleni, Mama kwa kiti cha upande wa pili, Kukhu jikoni, na maneno yakabebwa na mimi, mtu nisiyeweza hata kumuitikia mwalimu nikiitwa jina.

"Mwambie nimekuja kuwachukua," Baba akasema. "Pikipiki iko hapo."

Nikavuka uani, nikasema. Kukhu alikuwa anapepeta maharagwe.

"Mwambie nyama haijakauka."

Nikarudi, nikasema.

"Mwambie nyama si shida. Nitachinja mbuzi."

"Mwambie haijakauka."

Baba alicheka kidogo, kisha akaona Mama hacheki, anatazama viganja vyake. Nilikuwa nimesimama katikati ya chumba, natamani sakafu inimeze.

"Kamuulize," Baba akasema mwishowe, na sauti yake ilikuwa ya mtu mwingine, "yeye hutumia kuni gani."

Nilikimbia. Kukhu aliposikia, ungo ukasimama mikononi mwake. "Mwambie mpera. Zisiwe kavu."

Niliporudi na jibu hilo Mama alikuwa ameinua uso. "Ulimwaga sufuria yangu watu wakiona," akamwambia.

"Nilikosa."

"Hapa tuko watatu. Kule walikuwa wengi."

Baba akakubali kwa kichwa, akavaa kofia ya pikipiki, akarudi Kitale peke yake. Nilimfuata hadi barabarani nikilia. Siku ya nane ilipopita alikuja tena, tukaenda, nyama ikiwa imefungwa kwa gazeti kwenye mapaja ya Mama. Na Jumamosi akalisema lile neno, nilikosa, mbele ya wateja, akigeuza mbuzi, bila kumtazama mtu, kwa haraka kama anayetaja bei. Lakini alilisema. Siku hizi kibandani kuna jiko la Mama upande wa kulia, na moshi wake.

Kwa miaka mingi nilibeba aibu ya lile paja. Niliamini nilimchelewesha Mama siku tano nzima kwa ujuaji wangu, na kwamba Kukhu alikuwa mkali sana kumzuia Baba kwa sababu ya nyama tu.

Mwaka jana, likizo ya Agosti, nilikuwa kwa Kukhu tena. Akatundika nyama Jumatatu. Alhamisi akaiteremsha, akaipasua kunionyesha ndani, kavu kabisa, nyekundu iliyokolea, akaanza kuifunga. Nilihesabu kwa vidole nyuma ya mgongo wangu. Nikahesabu tena. Kisha nikakumbuka ni siku ya ngapi Baba alikuwa amekaa sebuleni huku mimi nikivuka uani kumpelekea neno lilelile mara mbili, kwa mdomo wangu mwenyewe, nikiliamini.

Niliporudi Kitale nilimweleza Mama. Alikuwa anakata vitunguu. Hakuacha.

"Kwa nyama," akasema, "siku nne zinatosha."