Ubao Mzima wa Mwenyekiti

Jukwaa la ukumbi wetu wa maigizo lililiwa na mchwa kwa miaka, na mwenyekiti wa ukumbi alijua. Seremala tunayemwita Kimya alimwonya zaidi ya mara moja. Kisha dada yake Kimya akakanyaga ubao mbovu katikati ya mchezo, ukatoboka, na mguu wake ukavunjika. Mwenyekiti akasimama mbele ya watu akasema, "Ubao ulikuwa mzima. Dada huyu ndiye aliyeruka kama ng'ombe." Watu wakacheka. Dada hakupanda jukwaani tena.

Ukumbi ulipokarabatiwa, kazi ya mbao alipewa Kimya. Alitandika jukwaa jipya lisilo na doa. Mwenyekiti akamwagiza pia meza ya kuhutubia siku ya ufunguzi, na Kimya akaileta imefunikwa kitambaa.

Mwenyekiti alikivuta kitambaa mwenyewe, kwa madaha. Upande wa mbele, ukiwatazama watu, ulikuwa ubao uleule, umetafunwa na mchwa, na tundu la mguu katikati.

"Nini hii, fundi?"

"Ubao mzima, mzee. Si ulisema mwenyewe? Usiogope, egemea tu."

Mimi huwafundisha vijana kwamba kisasi ni dhambi, na sijabadili neno. Lakini uongo uliosemwa hadharani hauombewi radhi chumbani.

Mwenyekiti hakuegemea. Dada mtu, aliyeketi mbele na gongo lake, akaanza kucheka. Safari hii watu walicheka pamoja naye.